Kupima ulemavu kwenye utafiti wa kaya: uchague maswali yapi?

Umepewa nafasi ya maswali machache kwenye dodoso la kaya, na umeambiwa ripoti ionyeshe hali ya watu wenye ulemavu. Njia zilizopo hazizidi tano au sita, na zote zina watetezi. Tatizo ni kwamba ukizitumia zote kwa watu wale wale, kila moja itakupa asilimia yake. Nina upande katika mjadala huu, na ni bora niuseme mapema: kwa tafiti nyingi za kawaida, maswali sita ya Kundi la Washington, jopo la kimataifa la takwimu za ulemavu, yanatosha, mradi mdodosaji asiyaharibu. Ila yapo mazingira ambayo hayafai hata kidogo, na humo ndimo pesa nyingi za utafiti hupotea.

Ili tusizungumze hewani, tumfikirie mhojiwa mmoja wa kubuni. Ni mama wa miaka 58. Anavaa miwani, na akiivaa anaona vizuri. Sikio moja halisikii sawasawa, lakini kwenye mazungumzo ya watu wawili haoni taabu. Magoti ndiyo yamemshinda: ngazi anazipanda kwa kushika ukuta, na katikati lazima asimame. Anafanya kazi zake, anaendesha nyumba yake. Hana cheti cha ulemavu na hajawahi kujihesabu hivyo. Tumpitishe kwenye kila dodoso tuone atatokeaje.

Swali moja la ndiyo au hapana

"Je, katika kaya hii kuna mtu mwenye ulemavu?" Swali hili ni rahisi, halichukui hata sekunde kumi, na ndilo baya kuliko yote. Anayejibu kwa kawaida ni mkuu wa kaya, na picha inayomjia kichwani ni ya asiyeona au anayetumia kiti cha magurudumu. Mama yetu hatatajwa. Mzee wa miaka 80 asiyetoka nje naye hatatajwa, kwa kuwa "ule ni uzee tu". Mtoto ambaye familia inamwonea aibu atafichwa. Halafu panapovuma habari kwamba orodha hiyo italeta msaada, idadi inaweza kuelekea upande wa pili.

Zambia ni mfano unaotajwa sana. Sensa ya mwaka 2000, kwa maswali ya mtindo wa zamani, ilitoa asilimia 2.7. Utafiti wa mwaka 2006 nchini humo humo, ukiuliza kwa mtindo wa Kundi la Washington, ulipata asilimia 8.5 ya watu wenye shida kubwa au zaidi katika angalau eneo moja. Miaka sita haiwezi kuongeza ulemavu mara tatu. Kilichobadilika ni swali.

Je, swali hili halina kazi kabisa? Linayo moja. Ukitaka kujua nani anajitambua kuwa mtu mwenye ulemavu, kwa mfano kwa ajili ya uwakilishi au uanachama wa vyama, hakuna namna nyingine ya kujua zaidi ya kumuuliza mwenyewe. Basi liulize, lakini liweke baada ya maswali mengine, na usilitumie kuhesabia.

Orodha ya aina za ulemavu

Hapa mdodosaji anasoma: wa kuona, wa kusikia, wa viungo, wa akili, na kadhalika. Ni afadhali kidogo kuliko swali moja, kwa kuwa orodha inamkumbusha mtu mambo ambayo angeyasahau. Lakini bado inamtaka mhojiwa ajipe jina au atoe jibu la daktari, na palipo na hospitali chache, wenye majibu ya daktari ni wachache vile vile. Mama yetu hatokei humu. Magoti yanauma, nani kasema huo ni ulemavu wa viungo?

Kitu kimoja orodha inaweza kufanya ambacho maswali ya uwezo hayawezi: kutambua hali yenyewe. Mtu mwenye ualbino anaweza asiwe na shida kubwa ya kuona na bado akabaguliwa na kuwindwa. Mtu mwenye kifafa anatembea, anaona na anasikia siku zote isipokuwa siku ya kuanguka. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilitumia maswali ya Kundi la Washington, kisha ikahesabu watu wenye ualbino kwa swali lake pekee, walipatikana 9,729. Huo ni mchanganyiko wa busara. Kama sheria ya nchi inataja hali fulani kwa jina, ongeza swali la hali hiyo pembeni, usilazimishe maswali ya uwezo yaifichue.

Maswali sita ya Kundi la Washington

Kundi hili liliundwa mwaka 2001 chini ya Tume ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa, mwaka ule ule ambao Shirika la Afya Duniani lilitoa uainishaji wake mpya unaoutazama ulemavu kama matokeo ya mwili kukutana na mazingira. Maswali yenyewe yako sita: kuona hata ukiwa na miwani, kusikia hata ukiwa na kifaa cha kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka au kuwa makini, kujihudumia, kama kuoga mwili mzima au kuvaa, na kuwasiliana kwa lugha yako ya kawaida, yaani kuelewa na kueleweka. Kila moja lina majibu manne: hakuna shida, shida kidogo, shida kubwa, siwezi kabisa. Yote kwa pamoja huchukua chini ya dakika mbili kwa mtu mmoja.

Mama yetu anajibu hivi. Kuona: hakuna shida. Kusikia: shida kidogo. Ngazi: anafikiri kidogo, kisha anasema shida kubwa. Matatu yaliyobaki: hakuna. Kwa kizingiti kinachopendekezwa, yaani shida kubwa au zaidi katika angalau eneo moja, ameingia kwenye hesabu. Hakuna aliyemwita mlemavu, wala hakulazimika kujitetea.

Nguvu ya chombo hiki iko kwenye yale majibu manne, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo pia. Turudi kwenye data ile ile ya Zambia ya mwaka 2006. Ukihesabu kila mwenye angalau shida kidogo, unapata asilimia 14.5. Ukianzia shida kubwa, 8.5. Ukiwachukua wasioweza kabisa tu, 2.4. Watu ni wale wale na majibu ni yale yale, ila tarakimu ya juu ni mara sita ya ile ya chini. Kwa hiyo anayekuletea asilimia bila kutaja kizingiti hajakuletea kitu, na anayehifadhi kwenye faili la data "ndiyo/hapana" badala ya majibu yote manne amemfungia mlango kila atakayeitumia baadaye.

Marekani walilipata somo hili hadharani. Tangu mwaka 2008 utafiti wao mkubwa wa kila mwaka wa kaya umekuwa na maswali yake sita ya ndiyo au hapana, yanayouliza kama mtu ana shida kubwa ya kuona, kusikia, kutembea na mengineyo. Mwaka 2023 ofisi ya sensa ilipendekeza kuhamia mtindo wa Kundi la Washington. Majaribio ya mwaka 2022 yalikuwa yameonyesha kwamba kwa kizingiti cha shida kubwa, kiwango kingeshuka kutoka asilimia 13.9 hadi 8.1. Sababu haifichiki sana: aliyekuwa akijibu "ndiyo" kwa kukosa jibu la katikati, akipewa ngazi nne husogea kwenye "shida kidogo" na kutoka kwenye hesabu. Tena swali la kuweza kutoka peke yako kwenda kushughulikia mambo yako, ambalo lilikuwamo, halimo kwenye yale sita. Maoni zaidi ya 12,000 yalifika ofisini, na mwezi wa pili 2024 ikatangazwa kwamba maswali ya zamani yataendelea. Wapinzani walikuwa na hoja: asilimia hizo hutumika kugawa fedha. Lakini nadhani mjadala ulielekezwa kwenye maswali wakati mkosaji alikuwa kizingiti.

Usidhani pia kwamba ukichukua maswali haya tarakimu itapanda yenyewe. Kenya ilipata asilimia 3.5 kwenye sensa ya 2009, iliyouliza kwa aina za ulemavu. Mwaka 2019, kwa maswali sita na kwa watu wa miaka mitano na zaidi, ilipata 2.2. Wapo waliolisoma hilo kama kupungua kwa ulemavu. Si sahihi kulisoma hivyo, maana vilivyopimwa ni vitu viwili.

Haya maswali huharibikaje mikononi mwa mdodosaji? Namna ya kwanza, na ndiyo iliyoenea, ni kuwarundika watu wote pamoja: "Humu ndani kuna mwenye shida ya kuona? Kusikia? Kutembea?" Mkuu wa kaya anatikisa kichwa mara sita na watu saba wanajazwa "hakuna shida" kwa nusu dakika. Sheria ni mtu mmoja mmoja, swali moja moja. Namna ya pili ni kusoma swali bila kusoma majibu. Mhojiwa anasema "ndiyo, kidogo" na mdodosaji anachagua anachopenda. Ya tatu ni kichwa cha sehemu kwenye kishkwambi kinachosema "ULEMAVU", ambacho mdodosaji anakisoma kwa sauti kabla ya kuanza, na swali linarudi kuwa lile la ndiyo au hapana tulilolikimbia. Ya nne ni kumruka mtu kwa macho: "huyu namwona mzima". Mafunzo ya nusu saa hayatibu tabia hizi. Tenga siku nzima, na angalau mazoezi ya kuhojiana, kabla ya kutuma watu uwanjani.

Maswali haya yana mapengo yanayojulikana pia. Hayagusi wasiwasi wala huzuni ya kudumu, hayagusi maumivu na uchovu, na hayaulizi kuhusu mikono. Mtu mwenye ulemavu wa kisaikolojia anaweza kupita yote sita akiwa safi. Ukiwa na nafasi kidogo zaidi, upo mfululizo ulioboreshwa wa maswali 12 unaoongeza mikono pamoja na wasiwasi na sonona. Na upo ule mrefu wa watu wazima, wa maswali kama thelathini na kitu, wenye maumivu na uchovu. Kwangu, nyongeza ile hadi 12 ndiyo pesa inayotumika vizuri kuliko zote kwenye fani hii. Ila maswali ya hisia hayajibiwi kwa niaba ya mtu. Kama mahojiano yako ni ya mkuu wa kaya tu, yaache.

Swali moja la Ulaya

Nchi za Umoja wa Ulaya hutumia swali moja kwenye utafiti wao wa kipato na hali ya maisha: kwa angalau miezi sita iliyopita, umewekewa mipaka kiasi gani na tatizo la afya katika shughuli ambazo watu hufanya kwa kawaida? Majibu ni matatu: sana, kiasi, hapana. Mama yetu angesema kiasi. Kwa njia hii, takribani mtu mzima mmoja kati ya wanne huko anahesabiwa kuwa na kikwazo cha aina fulani.

Ni swali zuri kwa jambo moja: kufuatilia afya ya watu wanaozeeka, kwa sentensi moja, mwaka baada ya mwaka. Halikuambii kikwazo ni cha kuona au cha kutembea. Na maneno "ambazo watu hufanya kwa kawaida" humfanya kila mhojiwa ajilinganishe na watu anaowaona karibu naye. Mwenye miaka 75 akiwatazama wenzake anaona yuko sawa tu. Kama huna mfululizo wa miaka mingi wa kuuendeleza, sioni sababu ya kuanza nalo.

Madodoso marefu ya Shirika la Afya Duniani

Yako mawili, na mara nyingi huchanganywa. La kwanza, WHODAS 2.0, lina toleo la maswali 36 na toleo la 12, na huuliza kuhusu siku 30 zilizopita: kuelewa na kuwasiliana, kutembea, kujihudumia, kuishi na watu, kazi za nyumbani na za ajira, na kushiriki katika jamii. Linatoa alama. Mama yetu atapata alama ya katikati, na baada ya matibabu ya magoti unaweza kumpima tena na kuona imesogea wapi. Hapo ndipo linapong'aa: kliniki, tathmini ya mradi, kabla na baada. Kwa kuhesabu watu halina mstari uliokubalika mahali pote wa kusema huyu yumo na huyu hayumo, kwa hiyo ripoti yako itaishia kubishaniwa.

La pili ni Utafiti wa Mfano wa Ulemavu, ulioandaliwa na Shirika hilo pamoja na Benki ya Dunia. Huu ni utafiti kamili wa kujitegemea, ingawa upo pia muhtasari wa kuingizwa kwenye utafiti mwingine. Hauwatengi watu tangu mwanzo. Kila mtu mzima aliyehojiwa huwekwa kwenye kipimo cha 0 hadi 100, kisha wachambuzi huchora mistari ya hakuna, kidogo, wastani, mkubwa. Unauliza pia mazingira: usafiri, majengo, msaada wa familia, vifaa. Chile iliutumia kwa marekebisho mwaka 2015 ikapata asilimia 20 ya watu wazima. Utafiti wake wa mwaka 2004, kwa njia nyingine, ulikuwa umetoa 12.9 kwa watu wote. Kama wizara inapanga huduma za utengamao, yaani za kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake, na inataka kujua kwa nini mtu hafiki kazini, na bajeti ipo, huu hauna mshindani. Kuuchomeka kwenye utafiti wa matumizi ya kaya ambao tayari una saa mbili za mahojiano ni kuwatesa wahojiwa bure.

Watoto ni habari nyingine kabisa

Kosa ninalolikuta mara kwa mara kwenye ripoti ni jedwali la "ulemavu kwa umri, 0–17" lililotokana na maswali sita. Maswali hayo hayafai chini ya miaka mitano, na kati ya mitano na 17 yanawapoteza wengi. Fikiria mtoto wa miaka tisa anayeona, anayesikia na kukimbia vizuri, lakini akikasirika hazuiliki, hana rafiki hata mmoja, na ukibadilisha ratiba ya asubuhi siku nzima imeharibika. Kwenye maswali sita mama yake atasema shida kidogo katika kuwa makini, basi. Hayumo kwenye hesabu.

Moduli ya Utendaji wa Mtoto, iliyotolewa mwaka 2016 na Kundi la Washington pamoja na UNICEF, ingemwona. Ina matoleo mawili: maswali 16 kwa miaka 2 hadi 4, na 24 kwa miaka 5 hadi 17. Inauliza kujifunza, kudhibiti tabia, kupokea mabadiliko, kupata marafiki, wasiwasi na huzuni, na maswali mengi yanamlinganisha mtoto na wenzake wa umri huo. Anayejibu ni mama au mlezi mkuu, si yeyote aliyekutwa mlangoni. Makadirio ya UNICEF ya mwaka 2021, ya karibu watoto milioni 240 duniani wenye ulemavu, yaani karibu mmoja kati ya kumi, yalitegemea sana data za moduli hii. Chini ya miaka miwili hakuna kitu kwenye utafiti wa kaya ninachoweza kukushauri. Acha seli hiyo tupu.

Kabla hujachagua, piga hesabu ya sampuli

Chukua watu wazima 5,000. Kama kipimo chako kitatoa asilimia 2, unabaki na watu 100 wenye ulemavu. Kikitoa 8, unabaki na 400. Sasa unataka kusema ni wangapi kati yao wana ajira. Kama jibu liko karibu na nusu, kwa watu 100 kosa la sampuli ni takribani asilimia 10 juu na chini. Kwa 400 ni 5, na kwa kuwa kaya huchaguliwa kwa mafungu, hali halisi ni mbaya zaidi. Ukigawa wale 100 kwa jinsia na kwa mji na kijiji, una watu kama 25 katika kila kisanduku. Majedwali ya namna hiyo yamechapishwa mara nyingi, na hayafai kupangia chochote.

Kumbuka pia wasiokuwemo. Utafiti wa kaya hauwafikii walio kwenye makao ya wazee, hospitali za magonjwa ya akili na shule maalumu za bweni. Na kama huna mkalimani wa lugha ya alama, kiziwi atajibiwa na ndugu yake, hata awe amekaa pale pale.

Wafadhili mara nyingi watakuuliza kwa nini hukupata asilimia 16, kwa kuwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ni watu bilioni 1.3, sawa na asilimia 16 ya dunia. Makadirio hayo yamejengwa kwa njia nyingine, hayakutokana na maswali sita. Usishushe kizingiti ili ulingane nayo.

Na kama taasisi yako ina mfululizo wa miaka mingi wa swali la zamani na sasa inataka kuhama, usihame kwa raundi moja. Gawa sampuli kwa bahati nasibu, nusu iulizwe swali la zamani na nusu jipya, au uliza yote mawili kwa watu wote na jipya litangulie. Kwa raundi hiyo moja utajua pengo kati ya vipimo viwili ni kiasi gani, na grafu yako itakuwa na mistari miwili iliyopishana badala ya mmoja uliokatika.